Unanisalimia au Unaniuliza?

Saa sita ilikaribia na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba, kama kawaida ya vijiji vya Karatu vilivyo karibu na msitu. Brigita alikuwa jikoni anapuliza moto. Aliweka juu ya mafiga birika lake kubwa, lile ambalo kishikio chake kimefungwa kwa waya. Kisha akatoka kufagia uwanja. Akaufagia mara ya pili, maana kuku walikuwa wamepita. Akatandika mikeka na gunia moja safi, na katikati akamwaga ngwara kavu, yale maharage ya huku.

Ilikuwa Alhamisi. Leo kikundi kilikuwa kinakuja kwake.

"Hodi hapa! Moshi wako umefika mpaka kwangu," jirani yake Martha alipaza sauti kabla hajafika. "Nikajiuliza, leo mama Evarista anapika au anachoma nyumba?"

"Karibu. Mdomo wako huwa unafika kabla ya miguu."

"Miguu imezeeka. Mdomo bado msichana."

Wakacheka. Wanawake wengine wakafika, wawili wawili, kanga zimefungwa vizuri kwa ajili ya baridi. Wakakaa kuzunguka ngwara, wakaanza kuchambua. Mawe huku, mbovu kule, nzuri kwenye ungo. Kazi ilikuwa ya mikono tu. Midomo ilikuwa huru.

Mwaka uliopita Brigita hakuwa hivi. Mume wake, Patrisi, alikuwa amefariki. Wakati wa msiba nyumba ilijaa watu mpaka viti vikaazimwa kanisani. Halafu msiba ukaisha. Viti vikarudi, na watu wakarudi makwao. Binti yake Evarista anafanya kazi kwenye loji ya watalii, na huja mara moja moja. Brigita akabaki na paka.

Kichwa kikaanza kuuma. Kisha mgongo. Kisha moyo ukawa unakwenda mbio bila sababu. Akaenda zahanati. Akarudi tena, na tena. Muuguzi wa pale, Beatrice, msichana wa Kimasai aliyekulia Nainokanoka, alimpima presha, malaria, sukari na damu. Hakuona ugonjwa. Akampa dawa ya maumivu. Baada ya siku chache Brigita alikuwa tena kwenye benchi.

Siku moja Beatrice alifunga mlango wa chumba. Akaweka kalamu chini.

"Mama, jana ulikula na nani?"

"Nile na nani, sista? Na paka."

"Na juzi?"

"Paka yule yule."

Beatrice hakucheka. Akasogeza kiti.

"Mama, nimekupima kila kitu ninachoweza kupima hapa. Leo nitakuandikia watu."

"Watu?" Brigita alishangaa. "Hao wanamezwa kwa maji au kwa chai?"

"Kwa chai. Kila Alhamisi mchana. Kuna kina mama wanaokutana kwa zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mimi nitakupeleka mwenyewe mara ya kwanza."

"Kwa hiyo ninaumwa uongo?"

"La, mama. Maumivu yako ni ya kweli. Mtu akikaa peke yake muda mrefu akiwa na majonzi, mwili nao unalia. Kikundi hakichukui nafasi ya dawa. Mwenye presha anameza dawa zake kila siku. Na wewe nitaendelea kukupima. Lakini kidonge hakiwezi kuja kugonga mlango wako."

Brigita alitoka pale amekasirika kidogo. Alhamisi ilipofika akaenda, ili tu asimwaibishe yule msichana. Akaenda na ya pili. Ya tatu akaomba waje kwake. Asubuhi ile ilimbidi kwanza azoe majivu ya zamani na utando wa buibui jikoni, ndipo awashe moto.

Sasa siku hii ya ukungu, Beatrice alikuja na mgeni. Alikuwa kijana mrefu mwenye koti, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Shikamooni kina mama."

"Marahaba, baba. Karibu uchambue."

"Huyu ni Adrian," Beatrice alisema. "Ni afisa ustawi wa jamii. Ametumwa kutoka mkoani kututembelea."

Adrian alikaa mkekani bila kuvua koti. Martha akamsogezea ungo. Akaanza kuchambua, akatupa nzuri na mbovu pamoja. Wanawake wakatazamana.

"Kina mama, nitasema wazi," alianza. "Sista Beatrice anatumia mchana wa Alhamisi kuwapeleka watu kwenye vikundi na kuwafuatilia. Wakubwa wanauliza, je, mchana huo una faida? Kama hauna, wanataka abaki zahanati achanje watoto. Mimi nimekuja kutafuta ushahidi."

Mikono ya Brigita ilisimama juu ya ngwara. Alijua vizuri. Beatrice ndiye aliyekwenda kuwatoa watu majumbani. Asipokuwepo, nani atakwenda kugonga? Kilikuwepo kikundi kabla ya hiki, na kilikufa taratibu, mtu mmoja mmoja, kama moto ambao hakuna anayeongeza kuni. Akaliona jiko lake likiwa na majivu tena.

"Uliza, baba," alisema haraka. "Uliza chochote."

Adrian akamgeukia mama wa kwanza. "Mama, hali yako sasa ikoje?"

"Nzuri."

"Na kabla hujaingia kwenye kikundi?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Akamuuliza wa pili. Sasa nzuri. Zamani nzuri. Wa tatu, nzuri na nzuri. Martha akasema zamani ilikuwa nzuri na sasa ni nzuri sana. Ikafika zamu ya Brigita.

"Mama, kabla ya kikundi hali yako ilikuwaje?"

"Nzuri," alisema Brigita. Alilisikia neno likitoka, kama vile limesemwa na mtu mwingine. "Nzuri, baba. Hatujambo."

Adrian alijikuna kichwa.

"Sasa mama zangu, nitawaambia nini wakubwa? Kabla, nzuri. Baada, nzuri. Kikundi kimefanya nini?"

"Kimefanya vizuri!" Martha alidakia.

Wote wakacheka, hata Adrian. Lakini Brigita hakucheka.

"Na shida si kwenu tu," Adrian aliendelea. "Juzi nilikuwa Nainokanoka, kwenye kikundi cha wafugaji. Wao pia, kama ninyi, wameandikiwa watu. Wengi ng'ombe wao walikufa kwa ukame na mioyo yao ikafa nao. Nao wamenijibu hivyo hivyo. Halafu muuguzi wa kule alikuwa anawauliza kama mwili una nguvu. Sista Beatrice hapa anauliza kama mtu ana furaha. Hata majibu yakiwa mazuri, nitayaunganishaje?"

"Kama huyu amepima kwa debe na yule kwa sado," alisema Brigita polepole.

"Hasa, mama. Kopo moja kubwa, kopo lingine dogo. Huwezi kujumlisha. Na kijiji kimoja peke yake ni watu wachache. Mtu atasema ni bahati tu. Lakini vijiji vingi vikipima kwa sado moja, hapo tunaanza kuona jambo."

Adrian alikunywa chai, akaaga, akasema atarudi siku ya mnada.

Brigita alimsindikiza Beatrice mpaka kwenye mti wa mgrevilea ulio njia panda. Mwishowe akasimama.

"Sista, nimemdanganya mgeni."

"Hukumdanganya, mama."

"Nimesema nzuri! Wakati ule nilikuwa silali. Nilikuwa sipiki. Kulikuwa na asubuhi nilizotamani zisifike. Na mdomo wangu unasema nzuri, kama kasuku."

"Mama, umejibu salamu. Mtu akikuuliza hali, unajibu nzuri. Ndivyo tulivyolelewa. Hata pale zahanati, mtu anaingia amebebwa mgongoni, nikimwuliza habari anasema nzuri."

Brigita alifikiri. "Kumbe kijana alileta swali limevaa nguo za salamu."

"Ndiyo. Kosa si lako wala lake. Mimi pia nimeuliza hivyo mwaka mzima."

"Basi mtu aseme kwanza," Brigita alisema kwa hasira kidogo. "Aseme, nakusalimia, au aseme, nakuuliza. Nijue nimjibu nini!"

Beatrice alimtazama. Kisha akatabasamu.

"Mama, ukijibu swali la kweli, utasema nini? Wakati ule hali yako mbaya ilionekana wapi? Jirani angeiona kwa kitu gani?"

Brigita hakuhitaji kufikiri. "Moshi. Martha aliniambia baadaye. Alikuwa anaangalia huku kwangu asubuhi, haoni moshi."

Siku ya mnada wa Karatu walikutana kwenye kibaraza cha zahanati. Adrian alikuwepo. Kina mama walikuwepo. Kutoka Nainokanoka alikuwa ameteremka mzee Lekoko, msemaji wa kile kikundi cha wafugaji. Alikuwa na shuka nyekundu, fimbo, na kofia ya sufu aliyoivuta mpaka masikioni.

Beatrice akaeleza kilichotokea. Lekoko akacheka mpaka akakohoa.

"Kwetu ni hivyo hivyo! Mtu akikwambia 'sopa', unajibu 'epa', hata kama mguu umevunjika. Salamu ni salamu. Habari za kweli zinakuja baadaye, mmeshakaa."

"Basi leo tumekaa, mzee," alisema Adrian. "Tutafute swali ambalo si salamu. Liwe moja, lieleweke kwenu na huku. Mtu aulizwe siku anayoandikiwa kikundi, na aulizwe tena baada ya msimu mmoja, kwa maneno yale yale. Na majina hayatatoka hapa. Asiyetaka kuulizwa, haulizwi, na huduma yake anapata kama wengine."

"Uliza kama moshi unaonekana," Brigita alisema.

Lekoko akatikisa kichwa. "Yeyo, mama yangu, kwetu moshi ni wa wanawake. Mwanaume akiharibika, utaona jioni ng'ombe wanarudi na yeye hatoki kuwaangalia."

"Mimi sina ng'ombe," alisema Martha. "Kwa hiyo mimi ni mzima siku zote?"

Wakacheka. Wakarudi kufikiri. Mmoja akasema waulize kuhusu kanisani, lakini Lekoko akasema wengine kwao hawaendi kanisani. Mwingine akasema waulize kuhusu shamba. Wafugaji hawalimi. Kila swali liliingia mlango mmoja likakwama mlango wa pili.

Binti wa zahanati akaleta chai ya maziwa. Lekoko akapokea kikombe kwa mikono miwili. Brigita akamwangalia.

"Mzee, kwenu mtu anakunywa chai?"

"Tutaishije bila chai?"

"Anakunywa kwake tu, au anakwenda na kwa wenzake?"

"Mzima anakwenda. Aliyeharibika, analala ndani amejifunika."

"Basi swali ni hilo," Brigita alisema. "Wiki hii umekunywa chai kwa nani, na nani amekunywa kwako?"

Adrian alilirudia swali kwa sauti, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Hapo huwezi kujibu nzuri," alisema.

"Ukijibu nzuri, nitakuuliza nzuri ni mke wa nani," alisema Martha.

Wakaongeza swali la usingizi na swali la chakula, yote kwa namna ile ile: umefanya nini, si hali yako ikoje. Adrian akasema sasa waandike majibu ya watu wote waliowahi kuandikiwa kikundi, hata walioacha.

Hapo Martha akaruka. "Remigius usimwandike!"

Remigius ni ndugu wa marehemu Patrisi, shemeji yake Brigita. Naye aliandikiwa watu. Alikuja mara chache akaacha. Alisema hawezi kukaa mkekani kuchambua ngwara huku wanawake wanamwangalia usoni. Sasa anashinda peke yake nyuma ya nyumba.

"Ukimwandika, atatuharibia," Martha aliendelea. "Watasema kikundi hakifai."

"Mama, nikiwaficha walioacha, huo si ushahidi," Adrian alisema kwa upole. "Hiyo ni sifa. Sifa zinaimbwa harusini. Mimi nahitaji kujua kikundi kinamfaa nani, na nani hakimfai."

Wanawake wakaanza kunong'ona. Wote walikuwa na hofu ile ile. Brigita aliishika kanga yake. Alikuwa na hofu kuliko wote. Lakini alimkumbuka shemeji yake, na nyumba yake isiyo na sauti. Yeye mwenyewe alijua nyumba ya namna hiyo.

"Mwandike shemeji yangu," alisema. "Na mimi niandike, nisikie ukiniuliza."

Adrian akasafisha koo. "Mama, kabla ya kikundi, ulikunywa chai kwa nani?"

"Sikunywa kwa mtu. Na kwangu hakuja mtu, maana moto sikuwasha. Nilikula kiporo, siku nyingine sikula." Sauti ilitetemeka kidogo, akaiacha itetemeke. "Sasa nakunywa kwa Martha, mpaka mume wake ananiuliza kama nimehamia. Na kwangu wanakuja. Nakula."

"Na usingizi?"

Martha alimtazama kwa macho ya kumwambia aseme umerudi. Brigita akavuta pumzi.

"Usingizi bado," alisema. "Siku nyingine nalala, siku nyingine namtafuta Patrisi kitandani. Kikundi hakijaponya hilo."

Martha alimshika mkono.

"Asante, mama," Adrian alisema. "Hiyo 'bado' ndiyo itakayowafanya waamini mengine yote."

"Na mimi nitakufuatilia kwa huo usingizi," alisema Beatrice. "Hiyo ni kazi ya zahanati."

Lekoko alikuwa anasugua fimbo yake. "Huyu Remigius," aliuliza, "ni lazima akae?"

"Kwani ninyi hamkai?" Adrian akamgeukia.

"Wanaume wakae mduara watazamane? Wafanye nini? Sisi tunatembea. Tunafuata ng'ombe mpaka majini, tunarudi. Mtu akiwa anatembea na mwenzake, wote wanaangalia mbele, hapo maneno yanatoka yenyewe. Kwetu wanaume hawajaacha."

Beatrice na Adrian wakatazamana. Huku wanaume wanakaa na wanaacha. Kule wanatembea na wanabaki. Hakuna aliyeyajua yote mawili mpaka siku ile, walipokaa kwenye kibaraza kimoja.

"Lakini shemeji hana ng'ombe wa kufuata," alisema Brigita. Kisha akakumbuka. "Ana bomba."

"Bomba gani?" Adrian aliuliza.

"Bomba la maji ya kijiji, linalotoka kwenye chanzo kule msituni. Remigius alikuwa kati ya wanaume waliolilaza chini. Sasa linavuja kila mahali, tembo wanalikanyaga, na hakuna anayelikagua."

Beatrice hakungoja. Jioni ile ile alikwenda kwa Remigius. Hakumwambia aje kwenye kikundi. Alimwambia bomba linavuja, na kijiji kinatafuta wanaume wanaoijua njia yake.

Mvua zikaja, zikaenda. Ngwara zikapandwa, zikatambaa katikati ya mahindi. Beatrice na mwenzake wa Nainokanoka waliuliza maswali yale yale, kwa maneno yale yale, wakayaweka majibu pamoja.

Adrian alirudi siku ya Alhamisi. Safari hii alivua koti na viatu kabla ya kukaa mkekani.

"Wakubwa wamekubali," alisema. "Mchana wa sista unabaki."

Vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wa Martha akakata kamba.

"Ngojeni, sijamaliza. Tumeona kwamba wengi waliokuwa wanakunywa chai peke yao, sasa wanakunywa na wenzao. Si wote. Usingizi umebadilika kwa wachache tu, na hilo tumeliandika. Wanaume hawadumu kwenye vikundi vya kukaa, wanadumu kwenye vya kutembea. Zahanati nyingine zimeomba maswali yetu, ili nazo zipime kwa sado hii hii. Zikishaleta majibu, tutajua zaidi."

"Na wewe umejua kuchambua," alisema Martha, akichungulia ungo wake. "Leo umetupa mbovu tu."

Walipoondoka, Brigita alibaki anakunja mikeka. Jua lilikuwa limetoka, na moshi wa jikoni kwake ulipanda moja kwa moja. Akasikia wanaume wanateremka kutoka msituni wanabishana kuhusu kiungo cha bomba. Wa mwisho alikuwa Remigius. Alikuwa na koleo begani na suruali imelowa mpaka magotini.

"Habari, shemeji!" Brigita alimwita.

Remigius akasimama kwenye ua. Kijijini sasa kila mtu alikuwa analijua lile neno.

"Unanisalimia au unaniuliza?"

"Nakuuliza."

Remigius akaangalia wenzake wakiteremka. Akaangalia moshi. Akashusha koleo, akaliegemeza kwenye ukuta taratibu.

"Basi," alisema, "weka chai."